Soda ambaye hakupiga hata risasi moja

Leo sitaongea juu ya muhogo wala mbegu ya mpunga. Nitaongea juu ya masoda.

Mwaka uliopita kwetu Ubundu tulizika muzee mmoja wa jirani. Alikuwa soda wakati wa Zaïre, zaidi ya miaka 20. Kazi yake ilikuwa nini? Alilinda bandari, alilinda ghala, alisindikiza treni kati ya kwetu na Kisangani wakati treni ilikuwa bado inatembea vizuri, alipandisha bendera asubuhi na kuishusha jioni. Vita ya Shaba ya 1977 haikumwita, na ile ya 1978 pia haikumwita. Siku ya matanga watoto wake wakataka kuandika juu ya msalaba: ancien combattant. Muzee mwingine, huyo alipigana kweli na anatembea na fimbo juu ya mguu wake, akasimama akakataa. Akauliza: "Alipigana na nani? Na mbuzi za bandari?" Watu wakacheka. Watoto hawakucheka. Mwishoni msalaba ukaandikwa jina na tarehe, basi.

Tangu siku ile tumebishana na wenzangu mara mingi: mtu aliyevaa tenu ya jeshi wakati wa amani, akaitumikia nchi mpaka nywele zikawa nyeupe, lakini hakuona vita, ni veterani wa kweli ao hapana? Nimeona wengi wanajibu haraka sana, huku na huku. Ndiyo maana nimeandika.

Neno lenyewe ndilo la kwanza kuleta fujo. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema ancien combattant, na ndani ya jina hilo vita iko tayari: ni mtu aliyepigana. Hata wizara yetu inaitwa ya Ulinzi wa Taifa na ya Anciens combattants. Waingereza na Wamarekani wanasema veteran, neno lililotoka kwa Kilatini, na mzizi wake ni uzee tu: mtu wa siku nyingi kazini. Kiswahili cha vitabu kinasema askari mstaafu, na sisi wa Tshopo tunasema soda wa zamani, maneno yanaisha hapo. Kwa hiyo papa yule kwa Kiswahili alikuwa na jina lake bila shaka. Ni kwa Kifaransa alilipoteza, siku ya kuzikwa.

Wafaransa wenyewe waliliona tatizo mapema. Baada ya vita ya 1914-1918 ilibidi wajue nani alikuwa mbele na nani alibaki biro, na mwaka wa 1926 wakaunda kadi ya mpiganaji. Kanuni ya kawaida ilikuwa siku 90 ndani ya kikosi kilichohesabiwa kuwa cha mapigano. Marekani ilichukua njia ingine. Kule sheria inamwita veterani kila mtu aliyetumika jeshini na kuachishwa bila fedheha, hata kama hakusikia mzinga. Na siku ya 11 Novemba, ambayo zamani ilikuwa ya kukumbuka mwisho wa vita ya kwanza ya dunia, mwaka wa 1954 waliibadilisha jina ikawa siku ya maveterani wote. Lakini ukifika kwenye ile pensheni ya maveterani wasio na kitu, wanakuuliza: je, angalau siku moja ya utumishi wako iliangukia wakati wa vita? Siku moja! Hata kama siku hiyo ulikuwa unapika maharagwe Texas. Mimi naona hapo wanasheria walichoka.

Tuje kwetu, maana kwetu jambo hili liko na historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri.

Ubundu iliitwa Ponthierville wakati wa Wabeljiji. Reli ya kilomita 125 kutoka Stanleyville ilifunguliwa 1906, kwa sababu maporomoko ya Boyoma hayaruhusu masuwa kupita. Vita ya 1914 ilipofika Afrika, mizigo ya Force Publique ilipita njia hiyo: masuwa mpaka Stanleyville, treni mpaka kwetu, masuwa tena mpaka Kindu, na kuendelea upande wa Tanganyika. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Jenerali Tombeur liliingia Tabora. Jina la Tabora likawa wimbo wa fahari ya koloni, na masoda wa Tabora wakapewa medali zao.

Lakini nani aliibeba Tabora mabegani? Wanahistoria wanahesabu wapagazi karibu 260,000 walioshikwa kwa vita ile upande wa Wabeljiji. Walibeba risasi, mchele, vitanda vya maofisa. Walikufa kwa baridi ya milima, kwa njaa, kwa kuhara, maelfu na maelfu. Hawakuwa na bunduki, hawakuwa na matrikil, na kwa hiyo karatasi haikuwajua. Ukiuliza nani aliona vita zaidi kati ya mpagazi aliyekufa njiani na ofisa wa ghala Boma aliyepewa medali, jibu liko wazi. Ukiuliza nani aliitwa mpiganaji wa zamani, jibu pia liko wazi, na si lile lile.

Vita ya pili iliongeza mchanganyiko. Mwaka wa 1941 masoda wa Kongo walipanda mpaka Sudan, wakaingia Ethiopia kupigana na Waitaliano. Walichukua Asosa mwezi wa tatu, kisha Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera alijisalimisha kwao kule Saio. Hao hakuna anayewabishia. Na hata kati yao wengi waliougua na kufa hawakuuawa na Mwitaliano. Ni kuhara na beriberi. Ruhusuni agronome aseme kidogo: beriberi ni ugonjwa wa chakula, wa kukosa vitamini B1, unamwanguka mtu anayekula mchele mweupe tu siku nyingi bila kitu kingine. Kwa hiyo soda mzima wa mwili anaweza kufa vitani kwa sababu ya mtu wa ghala. Andika hiyo upande gani, vita ao amani?

Kisha, 1942, maelfu ya masoda wa Force Publique walipelekwa Nigeria. Mpango ulikuwa kuikabili Dahomey iliyokuwa chini ya serikali ya Vichy. Wakajifunza, wakatembea juani, wakasubiri. Mwezi wa 11 mwaka ule Waingereza na Wamarekani walishuka Afrika ya Kaskazini, makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Magharibi yakageuka upande wao, na vita ya Dahomey ikaisha kabla ya kuanza. Mwaka uliofuata wakapelekwa Misri na Palestina, na huko wakalinda maghala na wafungwa. Dunia nzima inawaka, wao wanahesabu masanduku. Wakarudi nyumbani wakiwa wametembea nchi mingi bila mapigano. Sijasikia mtu hata mmoja akiwaondoa kwenye orodha ya wapiganaji wa vita ya pili. Kati yao na papa wetu wa bandari, kazi ilikuwa moja: kulinda ghala. Tofauti ni kalenda tu.

Na kuna kikosi cha tatu, kile kilichofika mbali kuliko vyote. Kituo cha matibabu cha 10 cha Kongo ya Wabeljiji, Wakongo karibu 350 na Wabeljiji karibu 20, kilifika mpaka Burma pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Walikuwa watu wa kubeba machela, kufunga vidonda, kuosha wagonjwa kwenye matope. Tarehe 8 Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubeljiji alipofika Kinshasa, alimvalisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, aliyetumwa Burma wakati ule. Alitambulishwa kuwa mpiganaji wa mwisho wa Kongo wa vita ya pili ya dunia aliye hai. Haki yake kabisa, nilifurahi kuona picha. Lakini angalieni: kwa sheria za Geneva, mtu wa matibabu jeshini hahesabiwi kuwa combattant. Kikosi kizima cha Burma, tukisoma neno kwa ukali wa yule muzee wa matanga, kingeanguka mtihani.

Na kwa sababu hii ni pazhi ya watu wa inivasite, sitamuacha Paul Panda Farnana. Ni mkubwa wetu sisi watu wa kilimo: alimaliza Vilvoorde, Ubeljiji, mwaka wa 1907, akaendelea na kilimo cha nchi za joto Nogent-sur-Marne, akafanya kazi kwenye bustani ya mimea ya Eala. Alikuwa Ubeljiji vita ilipoanza 1914. Hakuna aliyemshika shati. Alijitolea mwenyewe kwenye kikosi cha wajitoleaji wa Kongo. Mwezi wa nane mwaka ule ule Wajerumani walimkamata Namur. Siku zake za mapigano zilikuwa chache kuliko likizo ya Noeli. Baadaye, miaka minne ya ufungwa Ujerumani. Alipotoka, 1919, aliunda Union Congolaise kule Bruxelles kwa ajili ya Wakongo walioachwa bila msaada, masoda wa zamani wakiwemo. Mtu aliyepigana siku chache ndiye alijua kudai haki za wote. Mimi huwa nafikiri kufungwa kulimfundisha: miaka ile minne hakupiga risasi, lakini ilimlia maisha.

Sasa neno "wakati wa amani". Kwetu linaniudhi kidogo. Amani ya nani?

Force Publique haikuwa jeshi la vita tu, ilikuwa pia polisi ya koloni. Miaka mingi kati ya 1918 na 1940, na tena kati ya 1945 na 1960, vitabu vinaiita miaka ya amani. Lakini sisi tuliosoma historia ya kilimo tunajua kitu kingine. Kuanzia 1917 Leta iliweka mazao ya lazima: pamba, mpunga na mengine, mpaka siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanamume. Anayekataa, faini ao gereza. Nyuma ya agronome na kapita wake alisimama soda. Alikuwa wakati wa amani kabisa, bunduki begani, na wanakijiji hawakuona amani ile. Hapa kwetu Stanleyville, mwisho wa Oktoba 1959, mkutano wa chama cha Lumumba uliisha kwa risasi, watu wakauawa, Lumumba akafungwa. Vita haikutangazwa siku ile. Aliyepiga risasi alikuwa soda wa wakati wa amani.

Kwa hiyo hesabu ya risasi haitoshi kunionyesha nani ni veterani wa heshima. Inaweza hata kunidanganya.

Chukueni kijana mmoja wa kufikiri tu, aliyeingia jeshini Stanleyville mwaka wa 1958. Amesaini wakati wa amani. Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens anaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru, na jeshi la watu karibu 25,000 lisilo na ofisa Mwafrika hata mmoja linaasi. Kijana wetu yuko ndani. Agosti 1964 Simba wanauchukua mji. Tarehe 24 Novemba 1964 maparakomando wa Ubeljiji wanashuka kwa ndege. 1966, maasi ya Wakatanga mjini humo humo. 1967, Schramme na mamluki wake. Ndani ya miaka tisa, bila kuhama mji, kijana wa amani amepita vita nne ao tano. Sasa mwingine asaini 1972, kambi ile ile, karatasi ile ile, na miaka inapita kimya. Hakuna kati yao aliyechagua. Karatasi waliyosaini ilisema: nitakwenda mutakaponituma. Kutumwa ao kutotumwa, hiyo ni kazi ya wakubwa, na ya bahati.

Na Kisangani inajua upande mwingine wa jambo hili. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka. Raia zaidi ya 760 waliuawa kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Mama wa soko, mvuvi wa Wagenia, mtoto wa shule, wale waliona mizinga kuliko majenerali wengi. Ilibidi kungoja mpaka 9 Februari 2022 ndipo Korti ya La Haye ikaamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu yake ya miaka ile. Kama kuona vita ndiko kunakomfanya mtu veterani, basi nusu ya watu wazima wa Kisangani wapewe kadi. Tunakataa hilo, na tuna sababu: hawakusaini. Basi tumekubali tayari kwamba kusaini ni kitu.

Tena kuna jambo la kwetu ambalo Wafaransa na Wamarekani hawana. Baada ya makubaliano ya Sun City, vikundi vyote vilichanganywa jeshini. Brigedi ya kwanza iliyounganishwa ilifundishwa hapa Kisangani mwaka wa 2004. Sikatai, bila hiyo tungekuwa bado na nchi vipande vitatu. Lakini kijana aliyejifunza kitu kimoja siku zile alijifunza hivi: bunduki porini inaleta vyeo, na kulinda bandari kwa utulivu hakuleti kitu. Wenye kupigana, hata waliopigana na raia, waliingia na vyeo vyao. Papa wetu wa Ubundu alikuwa amesharudi shamba. Mjane wake ameenda kwenye biro moja mara tatu kuuliza pensheni, kilomita 125 juu ya piki, na mara tatu wamemwambia dosie haionekani. Ndiyo maana ninaposikia watu wanacheka "veterani wa mbuzi" sicheki sana. Kicheko kile kinaisaidia biro.

Lakini nisimdharau yule muzee wa fimbo. Nilimfuata baada ya matanga, tukakaa, akaniambia kitu kimoja kizito: "Mutoto, mukituita sisi wawili jina moja, mguu wangu ulienda bure?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo kidogo. Nakubali naye kuhusu msalaba: neno combattant ni lake, na la wenzake, na mtu asilivae bila kulilipia. Aliyejeruhiwa apate matibabu, apate nyongeza, apate kukaa mbele siku ya sherehe. Lakini nakataa kuhusu kicheko. Jina la soda wa zamani, pamoja na pensheni na bendera juu ya sanduku, ni deni la kusaini na kutumika mpaka siku ya kuachishwa. Leta haiwezi kununua miaka 20 ya mtu, halafu ikakataa kulipa kwa sababu yenyewe haikupata vita ya kumpeleka. Ni kama kumnyima mlinzi wa usiku mushahara kwa sababu mwizi hakuja.

Na niongeze hili juu ya papa yule, maana watu wa Ubundu wanalijua. Mwaka wa 1991 na 1993 masoda wa Zaïre hawakulipwa wakapora miji. Yeye pia hakulipwa. Wamama wa samaki wa bandari yetu wanakumbuka kwamba hakuwahi kuwavunjia kikapu kutafuta "faini". Alikuwa analima mihogo nyuma ya kambi, amevaa tenu yenye viraka. Katika nchi hii, mtu aliyeshika bunduki miaka 20 na njaa tumboni bila kuigeuzia raia, sijui tumwite nani, lakini mtu wa kuchekwa hapana.

Watu wataniuliza: basi na wale vijana wa Service national kule Kaniama-Kasese, waliokuwa kuluna wa Kinshasa na sasa wanalima mahindi kwa tenu, nao ni maveterani? Kama agronome nitawaheshimu kwanza kwa mahindi. Lakini kupelekwa si kusaini, na jembe halimpeleki mtu mbele ya adui. Hapo mimi nasema hapana, na najua wengine mutanishambulia chini hapa. Karibuni.

Si mambo ya wazee tu. Tangu rais alipowaita vijana mwezi wa 11 wa 2022 juu ya vita ya M23, tumewaona wenzetu wenye lisanse wakijiandikisha. Mmoja wa promosio yetu yuko kambini mpaka sasa. Hajapelekwa Kivu, anashika hesabu ya mafuta ya magari. Wenzake wanamwita soda wa biki, na anacheka nao. Aliniandikia wiki iliyopita akaniuliza kama naandika kweli juu ya jambo hili. Nikamjibu ndiyo, na nikamwomba kitu: karatasi ya kuandikishwa, ile yenye matrikil, aipige picha pande zote mbili, nakala moja aniachie mimi, nyingine amtumie mama yake Ubundu. Zote mbili zimefika.